Mistari Iliyopigwa Pasi

Tsukuda hakupiga hodi. Miaka minne kijana huyo mhariri wa jarida la katuni alikuwa akija kwa Mwalimu Kuramochi, na miaka yote minne alikuwa akisimama kwanza mlangoni, anaomba radhi kwa usumbufu, anapanga viatu vyake vikitazama nje. Jumanne hiyo aliingia kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado, akasema hata kabla ya salamu, "Kurasa nne zimerudi kutoka kwa wapiga chapa. Hazichapiki."

Chizuru Ogata, msaidizi pekee aliyekuwepo siku hiyo, alikuwa kwenye meza ya pili kutoka dirishani, anachora majani ya kando ya njia. Aliposikia hiyo "nne", aliacha kalamu katikati ya jani. Hakuuliza ni kurasa zipi, maana alizijua.

"Hazichapiki vipi?" Mwalimu akauliza bila kugeuka. Alikuwa ameketi karibu na hita ya mafuta ya taa akimenya chenza, polepole, kwa kuwa siku hizi hata chenza ilikuwa imegeuka kazi. "Miaka arobaini na tatu nachora. Sijarudishiwa ukurasa hata mmoja."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, Mwalimu. Tumepewa mpaka saa nane mchana. Ikipita hapo, jarida linatoka bila Otsuya."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

Otsuya huyo ni shujaa wa hadithi ya katuni, mwanamke mtabibu wa farasi, anayezunguka milimani akimtafuta kaka yake, na Mwalimu Kuramochi amekuwa akimtembeza kila wiki kwa miaka ishirini na mbili. Mandhari na nguo huchorwa na wasaidizi: milima, nyumba, farasi, mvua. Lakini nyuso ni za Mwalimu. Katika kazi hii kila bwana ana desturi hiyo, ila Kuramochi alizidisha. Aliwahi kumfukuza msaidizi kwa kosa la kuongeza unyusi mmoja tu wa jicho, tena unyusi mzuri. Na nyuma ya kitabu cha kwanza aliandika kwa mkono wake, wasomaji waone: nyuso zote humu nimezichora mimi, na siku mkono utakaponishinda, hadithi itaishia hapohapo. Hakuandika hivyo kwa majivuno ya ujana. Alimaanisha, na kila aliyefanya kazi katika nyumba ile ya mtaa wa Nerima alijua kwamba alimaanisha.

Basi mkono ukaanza kumshinda.

Chizuru, aliyekuwa naye mwaka wa kumi na tisa sasa, ndiye aliyeuona kwanza. Yeye ndiye aliyemtoa Mwalimu kwenye karatasi na wino akampeleka kwenye skrini ya kuchorea, akamwonyesha kile kisaidizi cha kutuliza mkono, ambacho ukikipandisha juu, mstari hukokotwa nyuma ya kalamu na mitetemo yote hubaki njiani. Mwalimu alikichukia kuliko dawa chungu. "Mstari unanifuata kama mdai," alisema. "Nikifika kwenye kidevu, wenyewe bado uko sikioni." Akakishusha mpaka karibu na sifuri, akachora, na uso wa Otsuya ukatoka una mawimbi.

Siku ile alikaa akiutazama kimya kwa muda mrefu. Chizuru hakuweza kuvumilia kimya kile, na hapo ndipo alipotamka uongo wake, uongo mdogo tu wa kumliwaza mzee. Alisema, "Usijali, Mwalimu. Programu hii ukishahifadhi ukurasa, usiku kucha yenyewe inaipiga pasi mistari. Kesho utaiona imenyooka."

Na kesho yake ilikuwa imenyooka. Alasiri Mwalimu huenda kuoga hamamu ya mtaani, saa nzima na robo, na katika saa hiyo na robo Chizuru alifungua ukurasa, akazifuta nyuso za mzee, akazichora upya juu ya alama zilezile, kwa mkono ambao kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umezoea kuufuata mkono wa bwana wake. Akarudia wiki ya pili. Sasa zilikuwa wiki kumi na moja.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki iliyopita boila la hamamu liliharibika, Mwalimu akashinda nyumbani. Chizuru akazibeba zile kurasa nne mpaka kwake, akazichora jioni jikoni kwenye kiskrini chake kidogo cha kuchorea kwa kujifurahisha. Na hapo akasahau kitu ambacho mwanafunzi wa wiki mbili hasahau. Kalamu ya kile kiskrini ilikuwa bado na mpangilio iliotoka nao dukani: inalainisha kingo. Tena nyuso zenyewe alizihifadhi kwa nusu ya ukubwa unaotakiwa, ndipo akazipandikiza kwenye kurasa.

Asiyechora atasema, sasa hilo nalo ni jambo? Ni jambo kubwa! Kwenye skrini mstari wenye kingo laini hupendeza, una kiukungu chembamba cha kijivu pembeni, jicho linateleza juu yake. Lakini jarida la wiki huchapwa kwa wino mweusi mtupu juu ya karatasi hafifu. Mashine haina kijivu. Ikikutana na kijivu hukipasuapasua kuwa vidoti, na mstari unatoka umetafunwa na panya. Kwa hiyo mistari ya jarida huchorwa kwa kalamu kavu, kila nukta ama nyeusi kabisa ama haipo. Mwalimu alikuwa akichora hivyo siku zote. Kurasa zote za toleo lile zilikuwa hivyo, isipokuwa nyuso saba.

Tsukuda alizitandaza karatasi za majaribio juu ya meza. Mwalimu akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama.

"Mbona nguo ni safi?" akasema. "Mlima safi, farasi safi. Uso ndio umeliwa. Chizuru, njoo uone. Nyuso tu!"

"Naona, Mwalimu."

"Humu ndani kalamu ni moja. Nguo na uso vimechorwa kwa kalamu ileile. Inawezekanaje?"

Tsukuda alikuwa anamtazama Chizuru. Hakuwa mjinga kijana yule. Chizuru akayakwepa macho yake, akakimbilia kwenye meza yake. "Nitazirekebisha sasa hivi. Nazibadilisha ziwe nyeusi tupu, ni dakika mbili tu." Akafungua, akabonyeza. Kijivu kikatoka, kweli, lakini kilitoka pamoja na nyusi zote nyembamba, na shavu la Otsuya likabaki ngazi ngazi. Akajaribu tena kwa kipimo kingine. Afadhali ya mara ya kwanza.

"Hata wapiga chapa wamejaribu hivyo," Tsukuda akasema kwa sauti ya chini. "Ni ndogo mno, Dada Ogata. Lazima zichorwe upya."

"Basi zichorwe!" Mwalimu akasema, akasimama, na loo, uso wake ulikuwa na furaha. "Mnababaika nini? Nyuso saba! Wiki iliyopita nilizimaliza asubuhi moja tu. Tazama shavu hili, Tsukuda, puuza hivyo vidoti, tazama mwendo wa mstari. Umetoka sikioni mpaka kidevuni kwa pumzi moja. Mimi huyu, na miaka yangu sabini na mmoja!"

Chizuru alitamani sakafu ipasuke.

Mwalimu akaketi kwenye skrini yake kubwa. Akanyoosha vidole, akapuliza viganja, akashika kalamu. Tsukuda akapiga magoti nyuma ya bega lake. Saa tano kasoro dakika kumi.

Mstari wa kwanza ulishuka kutoka sikioni, ukafika shavuni ukatikisika, ukajikaza, ukatikisika tena. Kwa kalamu kavu hakuna pa kujificha. Kila mtetemo ulitoka mweusi tititi. Mwalimu hakujali. Akachora pua, akachora mdomo, akachora jicho moja na la pili, akipumua kwa nguvu kama anayepanda ngazi.

"Haya," Mwalimu akasema. "Mmoja tayari." Akahifadhi, akafunga ukurasa, akakunja mikono.

Wakakaa. Hita ilinguruma. Dakika ikapita, na ya pili ikafuata.

"Samahani, Mwalimu," Tsukuda akasema. "Tunasubiri nini?"

"Inapiga pasi."

"Nani anapiga pasi?"

"Si programu? We kijana uliyesoma, hujui? Ukishahifadhi, inainyoosha mistari yenyewe. Huwa inachukua usiku kucha, lakini leo tuna haraka, labda itafanya upesi." Akafungua ukurasa. Otsuya akamtazama na mashavu yake yenye mawimbi. "Bado. Chizuru, hakuna namna ya kuiharakisha?"

Hapo Chizuru aliona njia moja ya kutokea, akaikimbilia kama mwizi anavyokimbilia dirisha. "Ipo, Mwalimu. Ila kompyuta isiguswe, iachwe ipumue. Nendeni mkale. Pale kona wana tambi za moto, mchukue Tsukuda, kaeni saa moja, mkirudi mtakuta tayari. Mimi nitaiangalia." Na alipokuwa akisema hivyo alimkazia Tsukuda macho, akimsihi bila neno, nyamaza, mwana wa watu, nyamaza tu, nipe saa moja.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuvaa koti. Mkono mmoja ulikuwa ndani.

"Lakini hakuna kitu kama hicho," Tsukuda akasema.

Simlaumu. Alikuwa na hofu ya saa nane, alikuwa na mkubwa wake kazini, na pengine hakuelewa macho ya Chizuru mpaka neno lilipokuwa limeshamtoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nini hakipo?" Mwalimu akauliza.

"Hiyo pasi, Mwalimu. Programu hii naijua. Haifanyi kitu ukiihifadhi. Unachochora ndicho kinachobaki."

Mwalimu akasimama na koti lake nusu. Akamgeukia Chizuru, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake. "Mwambie, Chizuru. Mwambie huyu. Wiki kumi na moja imenyoosha, si tumeona sote?"

Chizuru alijaribu. Wallahi alijaribu, uongo mwingine ulikuwa umeshafika ulimini, mzuri tu, wa kuhusu toleo jipya la programu. Lakini alimtazama mzee yule na mkono wake mmoja umetokeza kwenye koti, unatetemeka, akashindwa.

"Ni mimi," akasema. "Hakuna pasi. Ulipokuwa ukienda kuoga, nilikuwa nazichora mimi."

"Ulikuwa unachora nini?"

"Nyuso."

"Nyuso zipi?"

"Zote, Mwalimu. Wiki zote kumi na moja."

Mwalimu akalivua lile koti, akalitundika, likaanguka, akaliacha. Akachukua tena ile karatasi ya majaribio aliyokuwa akimwonyesha Tsukuda, akautazama mstari wa shavu uliotoka sikioni mpaka kidevuni kwa pumzi moja. Chizuru alidhani ataichana. Aliiweka chini, taratibu, uso ukitazama meza.

"Nimejisifu mbele ya mtoto wa watu," akasema. "Umesimama hapo ukaniacha nijisifu."

"Niliogopa. Uliapa. Nilijua ukiona, Otsuya ataishia hapo, na wewe pia utaishia hapo. Nikasema wiki moja tu. Kisha—"

"Kelele!"

Hakuwahi kumpandishia sauti katika miaka kumi na tisa. Chizuru akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti yake, machozi yakamtoka hapohapo, na hakuyafuta.

Tsukuda akakohoa. Maskini, alikuwa na kazi yake. "Mwalimu, nisamehe. Ni saa sita sasa. Mimi sijaona kitu wala sijasikia kitu. Dada Ogata akizichora nyuso saba kwa kalamu kavu, tunawahi. Mambo mengine mtayaongea wenyewe baadaye."

"Akichora yeye, ile ahadi nyuma ya kitabu ni ya nani?"

Tsukuda alikuwa bado amepiga magoti mbele ya skrini.

"Sogea," Mwalimu akasema. Akaketi. Akakitafuta kile kisaidizi cha kutuliza mkono, akakishusha mpaka sifuri kabisa. "Wewe," akamwambia Chizuru bila kumtazama, "acha kulia. Majani ya ukurasa wa kumi na tatu hayajaisha. Uliajiriwa kuchora majani."

Chizuru akarudi mezani kwake akachora majani. Saa mbili zile sijui nizisimulie vipi. Ilisikika tu kalamu ikikwaruza kioo, na pumzi ya mzee, na Tsukuda akitazama saa kila dakika tatu. Uso wa pili, uso wa tatu. Kwenye uso wa tano Mwalimu alifuta mstari mmoja mara kumi na nne, na Chizuru, akihesabu kila kufuta kwa masikio tu, aliuma mdomo mpaka ukatoa damu. Mkono wake mzima ulikuwa unawasha kwa hamu ya kwenda kuushika ule mkono. Hakwenda.

Saa nane kasoro dakika sita, Mwalimu akasema, "Tuma."

Tsukuda akainama kuangalia. Nyuso saba, nyeusi tupu, kingo zimekatwa kama kwa wembe, na kila mstari unatetemeka. Otsuya alionekana ameongezeka miaka thelathini katika kurasa nne. "Wasomaji watauliza," akasema.

"Waulize. Mimi ndiye nitakayejibu."

Kurasa zikaenda. Tsukuda akasubiri simu, ikalia, wapiga chapa wakasema mistari ni safi, inachapika. Akashusha pumzi, akaomba radhi mara tatu, akavaa viatu. Mwalimu akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake. "Mwambie mkubwa wako, Otsuya atampata kaka yake. Sehemu nne zinatosha. Nitazichora hivihivi nilivyo, kisha basi."

Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili.

"Nifungashe vitu vyangu?" Chizuru akauliza.

"Nani kakwambia ufungashe? Sehemu nne zina milima mingi." Akaketi kwenye kiti chake, akaonekana mzee kuliko asubuhi. "Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekusamehe. Lakini baada ya hizo nne, uache majani. Mtu anayeweza kuchora uso kwa pumzi moja hana haki ya kuchora majani ya watu. Uchore hadithi yako, na nyuso zako."

"Sina, Mwalimu."

"Huna nini?"

"Nyuso. Sina zangu." Alilisema kwa kawaida, kama mtu anavyosema hana mwavuli, na aliposikia maneno yake mwenyewe ndipo aliposhtuka. "Nilikuja hapa na miaka ishirini na minne. Nimejaribu nyumbani, nimejaribu mara nyingi. Nikichora mtu yeyote, mwanamume, mtoto, anatoka Otsuya. Zile wiki kumi na moja sikuiga kitu. Ndivyo ninavyochora."

Lile la asubuhi lilikuwa limemuuma Mwalimu, lakini hili lilimwingia mahali pengine, na mtu angeona likimwingia. Alimkumbuka yule msaidizi na unyusi wake mmoja, pengine, au aliikumbuka miaka tu.

"Basi tumeibiana," akasema.

Akainuka, akavuta kiti chake mwenyewe mbele ya skrini kubwa, kiti ambacho hakuna msaidizi aliyewahi kukikalia. Akafungua ukurasa mweupe. "Kaa hapa."

"Mwalimu, hapo siwezi."

"Kaa, mwanamke wee, usinichoshe. Nichoree mtu."

Chizuru akaketi. Akachora jicho, shavu, kidevu. Mzee akainama juu ya bega lake na kioo cha kukuzia mkononi.

"Huyo wangu. Futa."

Akafuta, akaanza upya, mara hii mwanamume mwenye pua pana.

"Pua umeikopa, macho yangu. Futa."

Akafuta. Jua la alasiri lilishafika kwenye hita, na hakuna aliyekumbuka kula. Mara ya tano akasema wangu, mara ya sita akasema wangu tena, tena kwa ukali. Ya saba alicheka kidogo kwa uchungu. Ya nane alisema, "Karibu. Lakini wangu." Chizuru alikuwa ameshakasirika, hasira ya kweli, ya mtu aliyenyimwa kitu miaka kumi na tisa bila kujua, akachora bila kufikiri, haraka, kwa mstari mnene usio na adabu, mwanamke mwenye taya kubwa anayetazama kando kwa dharau. Akaweka kalamu chini akasubiri kuambiwa afute.

Mwalimu akasogeza kioo chake karibu, akatazama sikio, akatazama taya, akarudi kwenye macho. Kisha akaichukua kalamu, akauhifadhi ukurasa.